Kushuka Stesheni Isiyo na Mtu: Mwongozo Kamili wa Stesheni Ndogo za Vijijini Japani

Karibu nusu ya stesheni za treni nchini Japani hazina mfanyakazi hata mmoja. Kufikia mwisho wa mwaka wa fedha wa 2019, stesheni 4,564 kati ya 9,465 zilikuwa hivyo. Za vijijini zinafanana: jukwaa la zege, kibanda cha kusubiria, ratiba iliyobandikwa ukutani, basi. Hakuna dirisha la tiketi, hakuna geti, hakuna stesheni masta. Wajapani wanaziita mujineki, na maandishi utakayoyaona ni 無人駅.

Ukitoka Tokyo au Osaka, ambako unagusa kadi, geti linafunguka na treni zinafuatana kila baada ya dakika chache, stesheni ya namna hii inaweza kukuchanganya. Kazi za stesheni masta hazikufutwa alipoondoka, ziligawanywa. Sehemu alipewa dereva wa treni, na sehemu umepewa wewe abiria bila kuambiwa. Kujua mlango upi utafunguka, kuwa na sarafu za kutosha, kujua treni ya mwisho inapita saa ngapi: yote hayo sasa ni juu yako. Ukiyajua kabla ya kutoka nyumbani, safari ni rahisi kabisa. Usipoyajua, utakwama mahali ambapo hakuna wa kumuuliza.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni Shimonada, stesheni ya kampuni ya reli ya JR Shikoku iliyoko Iyo, mkoa wa Ehime, kama saa moja kwa treni kutoka Matsuyama. Ilifunguliwa mwaka 1935, ina jukwaa moja na reli moja, na mbele yake ni bahari ya Iyo-nada. Ilitokea kwenye mabango ya Seishun 18, tiketi ya kusafiri kwa treni za kawaida za JR, mwaka 1998, 1999 na 2000, na tangu hapo watu hawajaacha kwenda kupiga picha.

Kwa nini hakuna mtu

Sitakaa sana hapa, ila historia kidogo itakusaidia kusoma ramani. Shirika la reli la taifa lilielemewa na madeni, na tarehe 1 Aprili 1987 likagawanywa kuwa kampuni za JR (Japan Railways). Wakati huohuo vijana walikuwa wakihamia mijini, na waliobaki vijijini wakanunua magari. Kumlipa mtu mshahara akae dirishani kuwauzia tiketi abiria wachache kwa siku kukawa hakuna hesabu.

Shimonada ilipata pigo lake. Mwaka 1986 ilifunguliwa njia mpya fupi inayopita milimani kupitia Uchiko, na treni za haraka zote zikahamia huko. Njia ya pwani ikabakiwa na treni za kawaida zinazosimama kila stesheni. Jambo hili litakuhusu moja kwa moja utakapofika Matsuyama, kwa hiyo lishike.

Na pengine umewahi kutumiwa ile habari ya stesheni ya Hokkaido iliyoachwa wazi kwa ajili ya binti mmoja wa shule hadi alipohitimu. Stesheni yenyewe ilikuwepo kweli: Kyu-Shirataki, iliyofungwa Machi 2016 pamoja na jirani zake mbili. Lakini tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya binti: kampuni za JR hubadilisha ratiba zao kila mwaka mwezi Machi, na stesheni nyingi hufungwa wakati huohuo. Habari ni tamu kuliko sababu. Kinachokuhusu wewe msafiri ni kwamba ratiba uliyoihifadhi Februari usiiamini Aprili.

Hatua ya 1: Chagua stesheni kwa kuangalia utakavyotoka

Watu wengi huchagua kwa picha. Ushauri wangu ni uchague kwa njia ya kutokea: treni ikikosekana, kuna basi? Kuna barabara? Kuna nyumba za watu?

Kwa anayeanza kabisa, nenda Kishi, mwisho wa njia ya Kishigawa ya kampuni ya Wakayama Electric Railway. Unapandia stesheni ya Wakayama, safari ni ya nusu saa hivi, na treni si za kusubiriwa nusu siku. Ndiyo stesheni ambayo Januari 2007 paka aitwaye Tama aliteuliwa kuwa stesheni masta, kwa kuwa wa kibinadamu hakuwepo tena. Mwaka 2010 jengo likajengwa upya kwa umbo la uso wa paka. Tama alikufa Juni 2015 na paka wengine wakarithi cheo. Paka nao wana siku za mapumziko, kwa hiyo angalia zamu yao kwanza kama unakwenda kwa ajili yao. Njia hii si ya JR, hivyo pasi za JR hazifanyi kazi.

Shimonada ni ngazi ya pili. Treni ni chache, lakini kuna barabara kuu ya 378 chini yake na kuna watu wanaishi hapo.

Ngazi ya tatu ni Doai, Minakami, mkoa wa Gunma, kwenye njia ya Joetsu. Hii inahitaji miguu. Treni zinazotoka Minakami kuelekea Niigata zinasimama ndani ya handaki la Shin-Shimizu, lililofunguliwa mwaka 1967 na lenye urefu wa mita 13,490. Ukishuka uko chini kabisa, na kufika juu ni ngazi 462, kisha nyingine 24 mbele kidogo. Ngazi zina namba, na kuna mabenchi ya kupumzikia njiani. Humo ndani kuna baridi hata mwezi Agosti, kwa hiyo beba koti. Ila kuna siri ndogo: treni za kurudi Minakami zinasimama kwenye jukwaa lingine lililo juu ardhini. Ukija kutoka upande wa Tokyo, ngazi unazipanda mara moja tu, na kurudi hakuna kushuka. Anayetaka kuendelea mbele kuelekea Niigata ndiye anayelazimika kuzishuka tena, naye awe ameanza kutembea dakika 15 kabla ya treni. Doai ina faida nyingine: basi la kwenda kwenye gari la kamba la mlima Tanigawa linapita hapo, hivyo hutegemei treni peke yake.

Koboro, Hokkaido, usianze nayo. Iko kati ya mahandaki mawili, haina barabara ya gari, treni za haraka zinaipita bila kusimama, na dubu wanaishi maeneo hayo. Inaendelea kuwepo kwa sababu mji wa Toyoura uliamua kugharimia matunzo yake. Ni mahali pa ajabu, lakini ukikosa treni pale, umekosa kila kitu.

Hatua ya 2: Anza na treni ya kurudi

Hili ndilo la maana kuliko yote. Usitafute treni ya kwenda kwanza. Tafuta treni ya kurudi, kisha rudi nyuma hadi upate ya kwenda.

Tuseme unataka machweo ya Shimonada. Mwezi Juni jua linazama kwenye saa 19:25 hivi, Desemba ni kama saa 17:00. Shimonada inapata treni zisizofika kumi kwa siku kila upande, na pengo la saa mbili kati ya treni moja na nyingine si jambo la ajabu. Kwa hiyo fungua Google Maps au programu yoyote ya treni ya Japani, weka tarehe yenyewe ya safari, weka Shimonada kuwa mwanzo na Matsuyama kuwa mwisho, kisha uliza treni zinazoondoka baada ya jua kuzama. Ziandike zote hadi ya mwisho wa siku. Kanuni yangu ni kwamba treni unayoitegemea isiwe ya mwisho, iwe ya kabla yake. Ya mwisho ni akiba. Ikitokea siku hiyo baada ya jua kuzama kuna treni moja tu, badilisha siku au badilisha matarajio.

Piga picha ya skrini. Mtandao vijijini upo, lakini milimani na kwenye mahandaki hukatika, na betri huisha haraka kwenye baridi.

Ukifika, linganisha ulichoandika na ratiba ya ukutani. Kuisoma si kazi: safu ya kushoto ni saa kwa mfumo wa saa 24, kuanzia 5 au 6 alfajiri hadi 21 au 22 usiku, na namba zinazofuata kulia ni dakika. Kwenye stesheni ya mjini kila mstari umejaa namba. Huku utaona mstari wa 11 una 42, wa 12 mtupu, wa 13 mtupu, wa 14 una 05. Mstari mtupu maana yake saa nzima hakuna treni. Maandishi ya kukariri ni machache: 上り ni treni za kuelekea mji mkuu au mwanzo wa njia, 下り ni za upande wa pili, 普通 ni treni ya kawaida, 特急 ni ya haraka ambayo pengine haisimami hapo, 平日 ni siku za kazi, na 土休日 ni Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ukiona alama ndogo kama nyota au almasi kando ya dakika, soma maelezo chini ya ratiba, kwa sababu mara nyingi ina maana treni hiyo haiendi kila siku.

Anayetumia kiti cha magurudumu, au anayehitaji msaada wa kupanda, apigie kampuni ya treni siku moja kabla au zaidi, aseme stesheni mbili na treni anayotaka. Bila mfanyakazi kituoni, hakuna wa kuweka ubao wa kupandishia kiti. Ni kero halali: Septemba 2020 watu wanaotumia viti vya magurudumu waliishtaki JR Kyushu katika mahakama ya Oita kwa kuondoa wafanyakazi stesheni. Kwa sasa kupiga simu mapema ndiyo njia ya uhakika.

Hatua ya 3: Sarafu, tiketi na kadi

Beba noti za yen 1,000 na sarafu. Noti ya 10,000 kwenye treni ya kijijini ni karatasi tu, kwa sababu mashine ya chenji ndani ya treni kwa kawaida inakubali noti ya 1,000 na sarafu kubwa peke yake. Halafu kuna mtego mpya: sarafu mpya ya 500 iliyoanza kutumika Novemba 2021 na noti mpya za Julai 2024 hazisomwi na baadhi ya mashine za zamani. Kuwa na sarafu za 100 na za 10 mfukoni, na hutahangaika. Nunua chai ya chupa dukani asubuhi kabla ya safari, utapata chenji.

Kama unaanzia stesheni kubwa, kata tiketi pale pale kwenye mashine. Matsuyama hadi Shimonada ni chini ya yen 1,000. Tiketi hiyo utampa dereva ukishuka.

Kadi za kugusa kama Suica na ICOCA ndizo zinazowaponza wageni. Kwanza, njia nyingi za vijijini ziko nje ya maeneo ya kadi. Pili, hata pale zinapokubalika, safari inayoanzia eneo moja la kadi na kuishia eneo lingine kwa kawaida hairuhusiwi. Ukigusa kadi mjini ukashuka stesheni isiyo na kifaa, kadi inabaki imefungwa kwenye safari ambayo haijaisha. Dereva atakutoza taslimu na kukupa karatasi ya uthibitisho. Itunze hiyo karatasi, uipeleke pamoja na kadi kwenye dirisha la stesheni yenye wafanyakazi ili wakufungulie. Kwa stesheni ndogo usiyoijua, chukua tiketi ya karatasi.

Baadhi ya stesheni zisizo na mtu zina nguzo mbili fupi za kusomea kadi, moja imeandikwa 入場, yaani kuingia, nyingine 出場, yaani kutoka. Hakuna geti la kukuzuia, kwa hiyo ni rahisi kupita ukaenda zako. Gusa. Usipogusa wakati wa kutoka, kadi itakataa kwenye stesheni inayofuata.

Pasi: Japan Rail Pass ya siku 7 ilipandishwa hadi yen 50,000 Oktoba 2023, na kuinunua kwa ajili ya treni za vijijini tu ni kutupa pesa. Seishun 18 ndiyo tiketi ya safari za namna hii, kwani inakuruhusu treni za kawaida za JR nchi nzima. Lakini tangu majira ya baridi ya 2024 sheria zake zimebadilika: ni siku 3 au siku 5 mfululizo, kwa mtu mmoja, na inauzwa kwa misimu tu. Zamani ungeweza kuruka siku au kuigawa na rafiki. Maelezo ya zamani mtandaoni bado yanasema hivyo, usiyafuate.

Hatua ya 4: Kupanda, kukaa na kushuka

Ukiwa Matsuyama kumbuka zile njia mbili. Treni za haraka ziitwazo Uwakai hupita Uchiko, milimani, na hazitakufikisha Shimonada. Hata treni za kawaida, nyingine hupita milimani. Unayotaka ni ile inayopita Iyo-Nagahama, 伊予長浜. Ukiona herufi 長浜 kwenye ubao, uko salama. Ukiwa na shaka, mwonyeshe mfanyakazi wa geti jina 下灘 kwenye simu yako kabla hujapanda. Hii ni nafasi yako ya mwisho ya kumwona mfanyakazi wa stesheni hadi urudi, itumie.

Treni nyingi za vijijini zimeandikwa ワンマン, wanman: dereva ndiye kila kitu, hakuna kondakta. Huwa ni behewa moja au mawili. Milango imeandikwa 入口, kuingilia, na 出口, kutokea. Kwa kawaida unaingilia nyuma na kutokea mbele kwa dereva. Sehemu zenye baridi kali milango haifunguki yenyewe, unabonyeza kitufe cha 開, na ukishaingia unafunga kwa 閉 ili joto lisitoke. Mgeni akiacha mlango wazi Januari, behewa zima linamtazama.

Ukipandia stesheni isiyo na mtu bila tiketi, mlangoni kuna kisanduku kinachotoa karatasi ndogo yenye namba. Ndiyo seiriken, 整理券. Ichukue. Namba hiyo inaonyesha umepandia wapi, na usipokuwa nayo unaweza kutozwa tangu treni ilipoanzia. Sasa inua macho: juu mbele, karibu na dereva, kuna ubao wenye visanduku vyenye namba, na chini ya kila namba kuna nauli. Treni ikipita stesheni, nauli zinabadilika. Karatasi yako ikisema 3, soma kisanduku cha 3, hiyo ndiyo nauli yako kwa stesheni inayofuata.

Pembeni mwa dereva kuna sanduku la nauli. Lina sehemu mbili, na ndipo watu wanapochemka. Kuna tundu la kubadilishia pesa: unaingiza noti ya 1,000 au sarafu ya 500, inakurudishia sarafu ndogo za thamani ileile. Halafu kuna mdomo wa juu wa kutumbukizia nauli, wenye mkanda mdogo unaobeba sarafu kwenda ndani. Mdomo huo haurudishi chenji. Kwa hiyo badilisha kwanza, hesabu kiasi kamili kiganjani, kisha tumbukiza sarafu pamoja na seiriken. Fanya mabadilisho treni ikiwa imesimama stesheni ya kabla, usisubiri hadi watu wamepanga foleni nyuma yako.

Treni hii si daladala. Hakuna kupiga kelele za "shusha", hakuna kengele. Inasimama kila stesheni iliyo kwenye ratiba yake hata kama hakuna anayeshuka wala kupanda. Kinachotakiwa ni uwe mahali sahihi. Kwenye stesheni zisizo na mtu, mlango wa kushukia ni wa mbele wa behewa la kwanza peke yake. Ukiwa umekaa behewa la pili ukisubiri mlango wako ufunguke, utaiona Shimonada ikipita dirishani. Kaa behewa la mbele tangu mwanzo. Ukisikia Iyo-Kaminada ikitangazwa, jua inayofuata ndiyo yako, na anza kusogea.

Mwenye tiketi anampa dereva au anaitia kwenye sanduku. Mwenye pasi anaionyesha upande wa tarehe. Ukikuta treni yenye kondakta, yeye ndiye atakayepita kukuuzia tiketi, na kwenye stesheni kunaweza kuwa na kisanduku cha kutupia tiketi zilizotumika.

Hatua ya 5: Ukiwa stesheni

Shimonada ukikaa kwenye benchi chini ya paa dogo la jukwaa, reli iko mbele yako na bahari iko ng'ambo ya reli. Kulia kwako ni Matsuyama, kushoto ni Nagahama na Ozu. Reli ni moja, kwa hiyo treni za pande zote mbili zinasimama palepale. Hapa ndipo watu wanapopanda treni siyo, wakaamka Ozu. Treni yako ya kurudi itatokea kushoto, na mbele itakuwa imeandikwa 松山 au jina la stesheni ya upande huo. Soma maandishi ya mbele kabla ya kupanda, usifuate umati.

Umati upo kweli, hasa wikendi. Treni ya watalii iitwayo Iyonada Monogatari, ya viti vya kukata mapema tu, husimama hapo kwa dakika chache ili abiria wapige picha, na wengine huja kwa magari kusubiri machweo. Dakika hizo benchi lina foleni. Treni ikiondoka panatulia, na hapo ndipo uliyekuja kwa treni ya kawaida una faida, kwa sababu una saa nzima.

Usishuke kwenye reli kwa ajili ya picha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu Shimonada reli iko karibu, iko chini kidogo tu, na inashawishi. Ni kosa la kisheria, na treni ya dizeli ya behewa moja inayokuja na upepo wa bahari huisikii hadi imefika. Kwenye stesheni zenye kivuko cha miguu kinachokatiza reli, angalia pande zote mbili: treni za haraka zinapita bila kupunguza mwendo. Nyumba zilizo nyuma ya stesheni ni za watu, na kuegemea ukuta wao ili upate picha pana ni kuingia uani kwao.

Kuhusu huduma, tegemea kidogo. Kunaweza kuwa na mashine ya vinywaji, kunaweza kusiwe. Choo kinaweza kuwa cha shimo, au kisiwepo kabisa, hivyo tumia cha kwenye treni kama kipo au cha stesheni kubwa uliyoanzia. Mapipa ya taka hakuna. Taka zako unarudi nazo. Beba chakula na karatasi laini.

Banda la kusubiria lina mambo yake. Mito ya kukalia unayoikuta kwenye mabenchi mara nyingi imeshonwa na wazee wa kijiji, na ni wao wanaofagia. Ukifungua mlango wa banda, ufunge nyuma yako, maana unazuia theluji, wadudu na wanyama. Kwenye meza au rafu huenda ukakuta daftari la wageni, liitwalo eki nooto. Liandike. Weka tarehe, umetoka wapi, umeona nini. Kiswahili kinaruhusiwa, na ukipekua kurasa za nyuma utaona watu wameandika kwa lugha zao na kuchora treni kwa kalamu ya wino. Daftari lenyewe usilibebe, wala kuchana ukurasa.

Hatua ya 6: Kurudi

Uwe jukwaani dakika 10 kabla. Simama penye alama ya kupandia, kwa sababu jukwaa linaweza kuwa refu kuliko treni. Lilijengwa zama za mabehewa mengi. Ukikosea utakimbia mita 50 huku dereva akikusubiri kwa heshima na abiria wakitazama saa.

Chukua seiriken mlangoni. Ukifika stesheni yenye wafanyakazi kama Matsuyama, milango yote inafunguka na hulipi ndani ya treni. Unakwenda nayo hadi kwenye dirisha la geti, unampa mfanyakazi, anakuambia kiasi, unalipa. Hapo noti ya 10,000 hatimaye ina kazi.

Mambo yakiharibika

Mvua kubwa, theluji, tufani au upepo mkali vinasimamisha njia za vijijini mapema kuliko za mjini, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Angalia hali ya hewa na tovuti ya kampuni asubuhi ya safari. Stesheni nyingine zina kipaza sauti kinachotangaza ucheleweshaji, au simu ya ukutani yenye kitufe inayokuunganisha na ofisi ya mbali. Bonyeza tu, hata kama Kijapani chako ni cha kuokoteza; taja jina la stesheni na useme "densha", watakuelewa. Njia ikifungwa kwa muda mrefu huletwa basi la badala, 代行バス. Basi hilo linaweza kusimama barabarani badala ya mbele ya jukwaa, kwa hiyo tafuta tangazo lililobandikwa.

Ukikosa treni na kuna nyingine, kaa. Ukikosa ya mwisho, piga simu ya teksi mapema kabla madereva hawajafunga kazi. Kijiji chenyewe kinaweza kukosa teksi, ikalazimu ije kutoka mji wa jirani na bei iwe ya kuumiza. Upande wa Shimonada, stesheni moja kabla, Iyo-Kaminada, iko karibu na kituo cha mapumziko cha barabarani cha Futami, ambako kuna magari na watu. Kufika huko ni mwendo mrefu wa barabara, si wa kufanya usiku na mvua. Usitembee kwenye reli kufuata stesheni inayofuata, na usiingie handakini hata kama ramani inaonyesha ni karibu. Kulala kwenye banda hakuruhusiwi sehemu nyingi.

Kwa dharura, polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, na unaweza kupiga bila kulipia. Watakuuliza uko wapi. Jibu liko kwenye kibao cha jina la stesheni jukwaani: katikati jina la hapo ulipo, chini majina ya stesheni mbili za jirani, mara nyingi kwa herufi za Kilatini pia. Wasomee yote matatu.